Rejeta ya Maji na Rejeta ya Oili kwa Injini ya Dizeli

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa, ili wanafunzi walisome tena polepole pamoja na mwalimu wao.

  Kaeni vizuri, na kila mmoja awe na daftari na kalamu yake, maana leo tuna hesabu kidogo.

Tumepata barua kutoka kwa watu wanne wa Lushoto wanaoshirikiana katika biashara. Wana gari la Land Rover la zamani, lenye injini ya petroli. Gari hilo huteremsha mboga mpaka Mombo, na kurudi mlimani limepakia saruji na unga. Gharama ya petroli imewashinda. Sasa wameweka akiba, nao wataka kuitoa injini ile na kutia ya dizeli yenye turbo, iliyotoka katika gari jingine. Fundi wao amewaambia kwamba rejeta ya zamani itafaa. Jirani amewaambia ya kuwa dizeli ni moto sana, na hapana budi wanunue rejeta ya lori. Wanauliza: nani asemaye kweli?

Swali hili si dogo. Ni swali la akiba ya watu wanne. Injini ikichemka mara moja tu katika kona za Soni, silinda hedi yaweza kupinda, na fedha zote zikapotea. Basi na tulitazame jambo hili hatua kwa hatua.

1. MOTO WA INJINI UNAKWENDA WAPI?

Mafuta yanapowaka ndani ya injini hutoa joto. Tuseme joto lote la mafuta ni shilingi 100. Shilingi hizo hugawanyika katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza husukuma gari. Hili ndilo tunalolitaka. Fungu la pili hutoka na moshi katika ekzosi. Fungu la tatu huingia katika chuma cha injini, na sharti liondolewe na maji na oili. Lisipoondolewa, chuma hupanuka, oili hupoteza nguvu zake, na pistoni hushika.

Katika injini ya petroli ya zamani inayofanya kazi ngumu, karibu shilingi 25 husukuma gari, na karibu shilingi 30 huingia katika maji na oili. Katika injini ya dizeli yenye turbo, karibu shilingi 37 husukuma gari, na karibu shilingi 27 huingia katika maji na oili. Zilizobaki hutoka na moshi. Hesabu hii ni ya kukisia, lakini yatuonyesha njia.

Je, mmeona? Katika kila shilingi 100 za mafuta, dizeli huyapa maji joto kidogo kuliko petroli. Kwa hiyo maneno ya jirani, kwamba kila dizeli ni moto sana, si kweli. Dizeli ikiachwa inguruma bila kazi, hata kupata moto ni shida.

2. TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano wa kweli. Land Rover ya Series III ilitengenezwa tangu mwaka 1971 mpaka 1985. Injini yake ya petroli ya silinda 4 ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 70. Mwaka 1989 kampuni hiyo ilitoa gari la Discovery lenye injini ya dizeli iitwayo 200Tdi, ya lita 2.5 na turbo. Nguvu zake ni za farasi 111. Watu wengi duniani wameitia injini hiyo katika Land Rover za zamani.

Injini ya petroli: ili tupate sehemu 70 za nguvu, huku 25 tu katika kila 100 zikifanya kazi, yatupasa kuchoma sehemu 280. Tukitoa 30 kwa kila 100, maji na oili hupata sehemu 84.

Injini ya dizeli: ili tupate sehemu 111, huku 37 katika kila 100 zikifanya kazi, twachoma sehemu 300. Tukitoa 27 kwa kila 100, maji na oili hupata sehemu 81.

Themanini na nne, na themanini na moja. Ni karibu sawa! Basi fundi hakusema uongo. Rejeta ya zamani, kama ingekuwa mpya na safi, yaweza kukaribia kutosha kwa hesabu ya karatasi.

Lakini gari haliendi juu ya karatasi. Sasa sikilizeni kwa nini magari mengi yaliyobadilishwa injini huchemka.

3. SABABU ZA KUCHEMKA

Sababu ya kwanza ni uzee wa rejeta. Rejeta ya miaka 40 ina kutu na chumvi ndani ya mirija yake, kama ile tabaka nyeupe iliyo ndani ya birika la chai. Mirija ikiziba, rejeta kubwa huwa ndogo.

Sababu ya pili ni mwendo wa injini. Petroli ya zamani hutoa nguvu zake inapozunguka mbio. Wakati huo feni na pampu ya maji pia huzunguka mbio. Dizeli yenye turbo huvuta kwa nguvu nyingi ingali inazunguka polepole. Basi joto ni jingi, lakini feni na pampu ni za polepole. Fikirini njia ya kutoka Mombo kwenda Lushoto. Ni kilometa 30 na zaidi, nawe wapanda karibu mita 1,000. Gari lina mzigo, mwendo ni mdogo, na hakuna upepo wa safari wa kulisaidia. Hapo ndipo rejeta hupewa mtihani wake.

Sababu ya tatu ni hewa iliyozuiwa. Injini hii ina rejeta nyingine ndogo ya kupoza hewa ya turbo. Ukiifunga mbele ya rejeta ya maji, hewa huifikia rejeta ya maji ikiwa imekwisha pata moto.

Sababu ya nne ni kuacha vitu njiani. Fundi hufunga injini, lakini bati lile la duara linalozunguka feni halitoshi, basi hulitupa. Feni isiyo na bati hilo huzungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuvuta hewa mpya.

4. JINSI YA KUCHAGUA REJETA YA MAJI

Shauri la kwanza, nalo ndilo kubwa kuliko yote: unaponunua injini, nunua pamoja na rejeta yake, feni yake, bati la feni, mipira ya maji, na rejeta yake ya oili. Mwenye kiwanda amekwisha kupima vitu hivyo pamoja. Muuzaji akikuambia, "Injini hii hapa," mwulize, "Na rejeta yake iko wapi?" Ukiipata, mpelekee fundi wa rejeta aisafishe na kuipima kama haivuji.

Lakini mara nyingine rejeta yake haipatikani, ama haiingii katika nafasi iliyopo. Hapo yakupasa kuchagua nyingine. Tazama mambo haya sita.

Kwanza, uso. Pima urefu na upana wa sehemu yenye mirija, bila kuhesabu matangi yake. Zidisha urefu kwa upana. Rejeta yenye uso mkubwa ni bora kuliko nene yenye uso mdogo, maana uso mkubwa hupata hewa mpya kila mahali.

Pili, unene. Safu 3 za mirija ni bora kuliko 2. Lakini safu ya 4 huongeza faida kidogo tu. Hewa inapofika huko nyuma imekwisha pata moto, na feni yapata taabu kuivuta. Basi usidanganywe na unene.

Tatu, nafasi kati ya mapezi. Mapezi ni yale mabati membamba yaliyo kati ya mirija. Yakisongamana sana hupoza vizuri siku ya kwanza, lakini katika barabara ya vumbi na majani huziba upesi. Kwa barabara zetu, chagua yenye nafasi ya wastani.

Nne, matundu ya kuingiza na kutoa maji. Yawe na upana ule ule wa matundu ya injini. Injini kama hii ikifanya kazi ngumu huzungusha maji lita zipatazo 140 kwa dakika. Hizo ni ndoo 7 za lita 20 kila dakika. Ukiunganisha kwa bomba jembamba, umeyafungia maji mlango.

Tano, kifuniko. Wengi hudhani kifuniko ni kizibo tu, kumbe kina kazi kubwa. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Lushoto, iliyo mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka karibu na digrii 95. Kifuniko chenye kanieneo ya ratili 15 kwa inchi ya mraba huyazuia maji yasichemke mpaka yavuke digrii 115 hata huko mlimani. Lakini jihadharini: rejeta ya zamani ilitengenezwa kwa kifuniko cha nguvu ndogo. Ukitia kifuniko cha nguvu, viungo vyake vyaweza kupasuka. Rejeta na kifuniko sharti vilingane.

Sita, madini yake. Rejeta ya shaba huweza kuchomelewa risasi na mafundi wengi, hata katika miji midogo. Rejeta ya alumini ni nyepesi na hupoza vizuri, lakini ikitoboka yataka fundi mwenye vyombo maalumu, na yenye matangi ya plastiki hupasuka kwa uzee. Fikiri gari lako litaharibikia wapi, na nani atalitengeneza huko.

5. HEWA NA FENI

Maji hayapozwi na rejeta. Maji hupozwa na hewa inayopita katika rejeta. Injini yetu ikitumia nguvu zake zote, yataka hewa zaidi ya mita moja ya ujazo kila sekunde. Fikirini sanduku la urefu wa mita 1, upana mita 1, na kimo mita 1. Feni sharti ivute zaidi ya sanduku moja la hewa kila sekunde, na hewa hiyo ipate njia ya kutoka chini ya gari. Mlimani hewa ni nyepesi kuliko pwani, basi kazi huongezeka.

Kwa hiyo rudisheni bati la feni, hata kama ni la kukata na kuunga. Nusu ya upana wa pangaboi iwe ndani ya bati. Acheni nafasi ya sentimeta 2 au 3 kati ya ncha za pangaboi na bati, kwa sababu injini hutikisika. Kisha zibeni kwa mpira au bati kila nafasi iliyo kando ya rejeta, hewa isipite pembeni.

Feni ikizunguka kinyume, husukuma hewa mbele badala ya kuivuta. Kuna jaribio jepesi. Washa injini, simama mbele ya gari, uweke karatasi mbele ya rejeta. Karatasi ikinata, feni yavuta. Ikiruka, feni yasukuma hewa mbele.

6. KWA NINI OILI NAYO IPOZWE?

Sasa twaja kwa jambo ambalo wengi hulisahau. Katika injini ya petroli ya zamani, oili ilipozwa na upepo uliopita chini ya sampu, na ilitosha. Katika dizeli yenye turbo, oili ina kazi mbili zaidi. Hurushwa chini ya pistoni ili kuzipoza, na hupita katika turbo, ambayo huzunguka mara maelfu mengi kwa dakika kando ya moshi wa moto. Ndiyo sababu injini ya 200Tdi ilitoka kiwandani na matundu ya kupeleka oili kwenye rejeta yake.

Huko Uingereza wapo walioifunga injini hii bila rejeta ya oili, nao wakaenda salama. Lakini nchi yao ni ya baridi, na wengi wao hawapandi mlima na saruji. Mtu wa Mombo asiige.

Oili hufanya kazi vizuri kati ya digrii 90 na 110. Ikivuka 130 huwa nyembamba kama maji, na huzeeka upesi. Lakini ikibaki chini ya 80 siku zote pia ni hatari, maana unyevu haukauki ndani yake, na hugeuka tope. Basi shabaha yetu ni oili isiyo ya moto mno wala ya baridi mno.

7. JINSI YA KUCHAGUA REJETA YA OILI

Ziko aina mbili. Ya kwanza hupozwa na hewa, nayo huonekana kama rejeta ndogo mbele ya gari. Ya pili hupozwa na maji ya injini, nayo hufungwa ubavuni mwa injini. Hii ya pili hupasha oili moto upesi asubuhi, lakini joto lote la oili huingia katika maji. Ukiichagua hii, rejeta ya maji iwe na nguvu zaidi.

Mkichagua ya hewa, shikeni kanuni hizi nne.

Moja: iwe na themostati, yaani kile kilango kinachofunguka oili ikipata moto na kufunga ikiwa baridi. Katika 200Tdi kilango hicho kimo mahali pa kufungia filta ya oili. Hakikisheni hakijaondolewa.

Mbili: ikiwezekana, ifungwe kando au chini ya rejeta ya maji, mahali penye upepo, isije ikaipelekea joto lake. Ilindwe na mawe.

Tatu: mipira yake iwe ya oili yenye kuhimili kanieneo kubwa, iliyobanwa kwa mashine, yenye nati zake. Msitumie mpira wa maji na kamba ya chuma ya kukaza kwa bisibisi. Mpira wa oili ukipasuka, sampu hukauka kwa muda mfupi sana, na injini hufa kabla dereva hajasimama. Mpira usiguse chuma chenye ncha wala ekzosi.

Nne: msichukue kamwe rejeta ya oili kutoka injini iliyokufa. Injini inapokufa humeguka vipande vidogo vya chuma, navyo hukaa ndani ya mirija ile myembamba. Hata ukiiosha, vingine hubaki. Siku ukiifunga katika injini yako nzuri, oili itavileta. Hapa ni afadhali kununua mpya.

8. MAMBO YA KUSHIKA BAADA YA KUFUNGA

Msiondoe themostati ya maji kwa kudhani injini itapoa zaidi. Bila themostati injini huenda baridi siku za kazi nyepesi, hula mafuta, na huchakaa. Katika injini nyingine maji hupita njia ya mkato bila hata kufika katika rejeta.

Tieni maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, kwa maana silinda hedi ya injini hii ni ya alumini. Maji ya kisima chenye chumvi hula alumini. Tangi la kuongezea maji liwe juu kuliko sehemu zote, ili hewa ipande na kutoka.

Fungeni geji ya joto la maji iliyo nzima. Safari ya kwanza ya mlima iwe bila mzigo, ya pili nusu mzigo, ya tatu mzigo kamili. Mshale ukipanda bila kusimama, simameni kando ya barabara. Acheni injini ingurume polepole ikiwa maji bado yapo. Kama maji yamekwisha, izimeni. Msifungue kifuniko kikiwa cha moto, maana mvuke huchoma uso na macho. Wala msimwage maji baridi juu ya injini ya moto.

JIBU LETU

Basi ndugu zetu wa Lushoto, fundi alisema nusu ya kweli, na jirani alisema nusu nyingine. Dizeli haidai rejeta ya lori. Yadai rejeta nzima, safi, yenye uso wa kutosha, feni yenye bati lake, na rejeta ya oili yenye mipira ya kuaminika. Msipimie barabara tambarare. Pimieni kupanda kwa polepole, mchana, na mzigo wa saruji. Na katika akiba yenu, tengeni fedha za vitu hivi kabla ya kulipa bei ya injini. Ikiwa fedha hazitoshi kwa yote, afadhali mngoje msimu mmoja wa mboga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Joto la mafuta hugawanyika katika mafungu gani matatu?
2. Rejeta A ina uso wa sentimeta 50 kwa 40. Rejeta B ina uso wa sentimeta 45 kwa 38, nayo ni nene zaidi. Fanya hesabu ya uso wa kila moja. Ungeanza kuitazama ipi, na kwa nini?
3. Kwa nini ni hatari kutumia rejeta ya oili ya injini iliyokufa?
4. Andika barua fupi kwa muuzaji wa injini. Taja vitu vyote unavyotaka vije pamoja nayo.

Haya ndugu wasikilizaji, wakati wetu umekwisha. Juma lijalo tutasoma juu ya filta za mafuta ya dizeli, na jinsi ya kuyatenga maji na mafuta. Kwa herini, na masomo mema.